Wateja Wamerudi, Mtaji Bado: Biashara ya Chakula Lubumbashi Baada ya Korona

Ukifika soko la Kenya, mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kabla jua halijachomoza, moshi wa makala, yaani mkaa, utakupokea kabla hujamwona mtu. Akina mama wa malewa, yaani wale wanaopika na kuuza chakula kando ya barabara, huwa wamekwisha kuwasha mbabula zao, yale majiko ya makala, maji ya bukari yanachemka, na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa jana yake imeanza kutokota. Kufikia saa 6 mchana mabenchi huwa yamejaa madereva wa taksi, wabeba mizigo, wauza nguo na wanafunzi, kiasi kwamba mtu aliyeondoka mjini mwaka 2019 na kurudi leo angeweza kuapa kwamba hakuna kilichobadilika. Angebadili kauli kama angetazama bakuli.

Bukari, ambao msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaujua kwa jina la ugali, hupakuliwa kwa bakuli la plastiki. Mama huchota, hulizungusha bakuli kwa mikono miwili mpaka donge likawa laini na la duara, kisha hulipindua juu ya sahani. Bakuli hilo ndilo mizani ya biashara yote. Mama akipandisha bei waziwazi, mteja huhamia benchi la jirani lililo hatua 3 tu kutoka hapo. Kwa hiyo bei huachwa ilivyo kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana, na bakuli ndilo linalobadilishwa likaja dogo zaidi. Mteja akilalamika, jibu ni lile lile kila siku: "Papa, ni unga njo ilipanda." Hakuna anayeitaja korona.

Hapo ndipo jambo hili linapoanza kuwa gumu. Wengi wanaozungumzia kufufuka kwa migahawa baada ya janga huchukulia kwamba janga lilikuja, likaharibu, likaondoka, na kwamba kazi iliyobaki ni kuhesabu viti vilivyojaa. Lubumbashi viti vimejaa. Kilichopungua hakikai kwenye kiti, nacho ni mtaji, ambao uliliwa kwanza na korona, kisha ukaendelea kuliwa na mambo yasiyo na undugu wowote na virusi. Ndiyo maana watu wawili, mmoja akisema migahawa imepona na mwingine akisema bado, wanaweza wote wawili kuwa wakweli.

Tuanze na tarehe, maana zimeanza kusahaulika. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku 8 baadaye Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule, makanisa, baa na migahawa, na tarehe 24 Machi akatangaza hali ya dharura na kuitenga Kinshasa na mikoa mingine. Lubumbashi ilikuwa imekwisha kuonja kifungo chake yenyewe, kwani baada ya kuwasili kwa abiria walioshukiwa katika ndege iliyotoka Kinshasa, mji ulifungwa kwa siku 2, tarehe 23 na 24 Machi, kwa amri ya gavana wa Haut-Katanga, mkoa ambao Lubumbashi ndiyo makao yake makuu. Hali ya dharura ilikoma Julai, na migahawa ikaruhusiwa kufungua tena tarehe 22 Julai 2020.

Wengi wanaposimulia huishia hapo, kana kwamba hasara yote ilikuwa ya miezi 4. Lakini tarehe 18 Desemba mwaka huo huo ilianza amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, na ingawa saa zake zilibadilishwa baadaye, amri yenyewe ilidumu mpaka Februari 2022. Kwa muuza sombe wa mchana, amri hiyo ilikuwa habari ya redioni tu. Kwa mwenye nganda, yaani baa ya bia na nyama choma, ambaye mbuzi wake huanza kunukia saa 1 jioni, ilikuwa ni miezi 14 ya kufunga mlango wakati ambapo wateja ndio kwanza wanaketi. Janga moja, mji mmoja, lakini hasara hazikufanana hata kidogo, na kupona kwake hakuwezi kufanana.

Malewa hayakufungwa kama mgahawa wenye mlango unavyofungwa, kwa sababu hayana mlango. Mama aliyezuiwa kuweka mabenchi barabarani aliweza kupikia uani kwake, na majirani wakaja na sahani zao. Hasara yake ilipitia njia nyingine. Biashara hii huendeshwa kwa mtaji wa siku moja, maana yake mapato ya leo ndiyo yanayonunua unga, samaki na makala ya kesho, na faida ni kile kinachobaki baada ya kesho kulipiwa. Siku isiyo na mauzo familia haiachi kula. Na kwa kuwa hakuna akiba iliyotengwa, kinacholiwa ni unga wa kesho. Wiki 2 za namna hiyo zinatosha kummaliza mtu ambaye kwa miaka 10 alionekana imara.

Kinga ya kawaida dhidi ya wiki kama hizo ni likelemba, ule mchango wa kupokezana ambao kwingine huitwa upatu au mchezo. Tuseme wanawake 10 wamekubaliana kutoa kiasi fulani kila Jumamosi, na kila Jumamosi mmoja wao akabeba fedha zote. Kwa mtu asiye na hati ya nyumba wala mshahara wa kuonyesha benki, huu ndio mkopo pekee usio na riba anaoweza kuupata, na ndio unaonunua sufuria kubwa, turubai jipya au magunia ya makala kabla ya mvua. Lakini mfumo huu unasimama juu ya sharti moja ambalo halisemwi, yaani kwamba wote 10 wanaendelea kuuza. Mmoja akiugua, 9 humsubiri. Mji mzima ukisimama kwa wakati mmoja, waliokwisha kubeba hawana cha kurudisha, na waliokuwa wakingoja zamu hupoteza walichokwisha kutoa. Hasara ya namna hiyo haihesabiki kwa sahani ambazo hazikuuzwa. Inahesabika kwa miezi ya akiba iliyokatika katikati ya mzunguko, na kwa majirani ambao mpaka leo hawasalimiani. Kwa maoni yangu hili ndilo jeraha kubwa zaidi lililoachwa na 2020, na mpita njia anayetazama mabenchi yaliyojaa hawezi kuliona.

Mama aliyeanza tena, mara nyingi kwa unga wa kukopa dukani, hakukuta bei alizoziacha. Haut-Katanga huishi kwa shaba na kobalti, na haijilishi. Sehemu kubwa ya mahindi na unga wake hupitia Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia ulio karibu kilomita 90 kutoka mjini. Zambia ikivuna vizuri, Lubumbashi hushiba. Zambia ikiingiwa na hofu juu ya ghala zake, huzuia mahindi yasitoke, na bei ya mfuko wa kilo 25 hapa hupanda kabla gazeti halijaandika sababu. Mwaka 2020 mpaka huo uliendelea kuruhusu malori ya mizigo hata pale abiria walipozuiwa, na kwa hiyo, jambo la kushangaza kidogo, mwaka wa korona wenyewe haukuwa mbaya kuliko yote kwa upande wa unga. Mwanzoni mwa 2023 unga uliadimika mjini kiasi cha kuwa mazungumzo ya kila nyumba, na mahindi ya Service National, idara ya serikali, yale yanayolimwa Kaniama-Kasese, yakawa yanangojwa kama mvua ya kwanza.

Mwaka uliofuata ukaja ukame ulioletwa na El Niño. Mashamba ya Zambia yaliungua, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema aliutangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Agosti ya mwaka huo huo, katika mzozo uliotokana na Kinshasa kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache. Siku chache zinatosha. Unga, mafuta ya kupikia, kuku wa kugandishwa, na samaki thomson anayevuliwa bahari ya Namibia ambaye ndiye nyama ya maskini wa mji huu, vyote hupanga foleni moja nyuma ya kizuizi kimoja, na mama wa malewa, ambaye hununua unga kwa meka, kipimo kidogo cha sokoni, na si kwa tani, hana ghala la kumvusha wiki hiyo. Mwenye mgahawa mkubwa analo.

Juu ya hayo kuna dola. Mwanzoni mwa 2020 dola 1 ilibadilishwa kwa karibu faranga 1,700. Kufikia 2024 ilikuwa imepita 2,800. Tuchukue bidhaa yoyote ambayo muuzaji wa jumla ameipangia bei ya dola 20. Bila bei hiyo kusogea hata senti moja, kwa faranga imetoka 34,000 hadi 56,000. Mama hununua kwa bei inayofuata dola, lakini humuuzia mbeba mizigo ambaye ujira wake hulipwa kwa faranga na haukupanda kwa mwendo huo, na pengo kati ya bei hizo mbili ndilo linalofanya bakuli lipungue. Mwishoni mwa 2025 faranga ilipata nguvu ghafla na dola ikashuka chini ya 2,500. Waliokuwa wanalipwa kwa dola walilalamika mara moja, kwani mshahara ule ule ulibadilishwa kwa noti chache zaidi, ilhali bei za sokoni zilishuka kwa kusitasita, kama kawaida ya bei, ambazo hupanda kwa ndege na kushuka kwa miguu.

Nganda ina hesabu nyingine kabisa. Anayefika pale hakuja kushiba, amekuja kuketi; chupa ya Simba au Tembo, bia ambazo zote hutengenezwa hapa hapa mjini, ndiyo kodi ya kiti chake, na michopo hufuata. Michopo ni nyama ya mbuzi iliyochomwa polepole, ikakatwakatwa kwa panga fupi juu ya ubao uliochimbika katikati kwa miaka ya kazi, ikatupiwa chumvi, vitunguu na pilipili, na kufungwa kwenye karatasi ambayo mafuta huanza kuipenya kabla haijafika mezani. Mara nyingi mchomaji si mwajiriwa wa baa. Ni mfanyabiashara mwenye mbuzi wake na makala yake, anayekaa mlangoni kwa makubaliano, kwa kuwa bia huiletea nyama wateja na nyama huiongezea bia kiu. Saa za usiku zilipokatwa, wote wawili waliumia kwa pamoja, lakini mchomaji aliumia zaidi, maana bia isiyouzwa leo itauzwa kesho, na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa hawezi kungoja.

Mpira nao ulichangia, ingawa watu wa nje ya mji huu wanaweza kuona ni jambo dogo. Siku ya mechi katika uwanja wa TP Mazembe, kule Kamalondo, mitaa ya jirani hugeuka jiko moja refu. Ligi ilisimamishwa Machi 2020, na Mazembe ikatangazwa bingwa wa msimu wa 2019-2020 bila msimu wenyewe kumalizika, ushindi ambao mashabiki waliushangilia majumbani na ambao haukumuuzia mtu hata kipande cha ini. Viwanja viliporudi kupokea watu, michopo ya Kamalondo ilirudi nayo. Kwa hakika sehemu hii ya biashara, ile ya nyama na bia za jioni, ndiyo iliyopigwa zaidi na amri za serikali, na ndiyo pia iliyosimama haraka amri hizo zilipoondolewa, kwa sababu kilichokuwa kimeondolewa kwake kilikuwa ni saa, na saa hurudishwa kwa tangazo moja. Baadhi ya tabia zilibaki. Jumapili alasiri, baada ya ibada, imekuwa na wateja ambao zamani wangefika usiku.

Migahawa yenye vitambaa mezani, ya katikati ya mji na ya mtaa wa Golf, haihitaji maelezo marefu. Mji huu uliasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu mwanzo Wagiriki, Waitaliano na Wabelgiji walifungua meza zao hapa, wakafuatwa na Walebanoni, Wahindi na Wachina, ila nyuma ya meza zote hizo mteja mkuu amekuwa ni yule yule, yaani mgodi. Mwaka 2020 kampuni kadhaa za madini ziliwafungia wafanyakazi wao ndani ya maeneo ya kazi ili ugonjwa usiingie, uzalishaji ukaendelea, na wale wahandisi na mameneja waliozoea kuteremka Lubumbashi mwisho wa wiki hawakuteremka tena. Machi 2020 tani ya shaba iliuzwa London chini ya dola 5,000. Mei 2021 ilikuwa imevuka 10,000. Fedha ilirudi kabla ya watu, na watu waliporudi, meza hizi zilijaa pasipo mwenye nazo kubuni lolote jipya.

Kilichobadilika kwao ni mahali pesa inapopatikana. Sheria ya ukandarasi mdogo ya mwaka 2017 inazitengea kazi hizo kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongo, na kulisha wafanyakazi wa migodi ni mojawapo ya kazi hizo. Mwenye jiko anayepata mkataba wa kupeleka sahani 300 kila siku kwenye kambi hana haja ya kuhangaika na meza 12 za mjini. Zinaweza kubaki kama duka la kuonyeshea bidhaa. Naliona hili kuwa jambo zuri kwa upande wa uwenyeji, na la hatari kwa upande mwingine, kwa sababu jiko linalotegemea mteja mmoja huugua siku ile ile anayougua mteja wake. Kobalti iliposimamishwa kuuzwa nje Februari 2025, na baadaye kuwekewa viwango kuanzia Oktoba, wenye mikataba ya namna hiyo walikuwa na sababu ya kufuatilia bei za madini kwa makini kama wachimbaji wenyewe.

Watu hupenda pia kutaja simu na pikipiki kuwa ndiyo mapinduzi yaliyoletwa na korona. Ni kweli kwamba kuagiza chakula kwa WhatsApp, kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money na kuletewa na manseba, jina tunalowaita madereva wa pikipiki, ambalo maana yake hasa ni mjomba, kumekuwa kwa kawaida kwa watu wa ofisini. Lakini gharama ya manseba haitegemei ukubwa wa chakula anachobeba. Akipeleka kuku mzima na chipsi, nauli yake ni sehemu ndogo ya bei. Akipeleka bukari na thomson, nauli inaweza kukaribia bei ya chakula chenyewe. Kwa hiyo njia hii iliwaokoa waliokuwa na chakula cha bei ya juu, na malewa yakabaki kwa wateja wanaokuja kwa miguu yao.

Gharama iliyobaki ni ya moto na baridi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika, na kila mkato una bei yake, kwani mwenye friji kubwa huwasha jenereta na kuiongeza mafuta kwenye bei ya sahani, na asiye na jenereta hununua samaki wa siku moja tu, hata kama kununua wa wiki nzima kungempunguzia gharama. Mama wa malewa hana friji, basi hasara hiyo haimgusi, lakini makala yanamgusa. Msitu wa miombo uliokuwa karibu na mji umekatwa mwaka baada ya mwaka, makala yanatoka mbali zaidi, na masika barabara zikiharibika gunia hufika ghali na likiwa nusu vumbi. Mama mzoefu humenya muhogo na kutwanga sombe akitegemea mbabula moja tu iliyowashwa, na ya pili haiwashi mpaka ya kwanza imekwisha kuivisha maharage.

Mama ninayenunua kwake, karibu na lango la soko, anayo mabakuli 3 ya plastiki. Miezi ya mwisho wa mwaka, mahindi ya zamani yanapoisha na mapya yakiwa bado shambani, hupakulia lile dogo jekundu. Mwezi wa 5, malori ya mavuno mapya yanapoanza kuingia, huteremsha la manjano, na wateja hulitambua kabla hajafungua mdomo. La tatu ni la kijani, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Lilikuwa la kupimia bukari kabla ya 2020, na siku hizi huoshea matembele.